Kazi halali ukiwa na visa ya mwanafunzi Marekani: hatua kwa hatua kwa wenye F-1

Kila mwezi wa nane na kila Januari, wanafunzi wapya wakishatua, simu yangu inajaa maswali yaleyale. Kaka naweza kuendesha Uber wikiendi tu? SSN (namba ya Social Security) nimeshapata, si ndo naruhusiwa kufanya kazi popote? Kuna mama anataka nimwangalizie mtoto jioni na analipa keshi mkononi, hiyo nayo inahesabika kazi? Basi nimeona niandike yote sehemu moja, mtu akiuliza nimtumie hii asome mwanzo mpaka mwisho, manake majibu ya nusunusu ndo yanayowaponza watu.

Mimi nimesoma Marekani kwa F-1, nimefanya kazi maktaba ya chuo, nimepita CPT na OPT (ruhusa za kazi ya nje ya kampasi, nazieleza hatua ya 6 na ya 8). Na nimemwona kwa macho yangu dada mmoja tuliyekuwa tunakaa nae jengo moja akifunga mizigo semista ya tatu kwa sababu ya kazi ya wiki sita ambayo hata hela yake haikuwa ya maana. Hakuwa mtu wa hovyo, darasani alikuwa vizuri tu. Waliomtangulia walimwambia "mbona wote tunafanya". Wale wote bado wapo, yeye hayupo.

Shika hili kabla ya yote: kazi ya ndani ya kampasi ruhusa yake inakuja na F-1 yenyewe. Kazi nyingine yoyote ya nje, ruhusa lazima iwe imeshaandikwa, ama kwenye I-20 yako (ile fomu unayopewa na chuo) ama kwenye kadi ya kazi ya USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani), na tarehe iwe imeshaanza, ndo uingie kazini. Kama umeomba bado hujajibiwa, huna ruhusa. Bosi akikwambia "anza tu makaratasi yatakuja", bado huna.

Halafu huu mwongozo ni wa F-1. Wa J-1 (visa ya programu za kubadilishana) ruhusa yake inatoka kwa sponsa wake kwa maandishi, wa M-1 (vyuo vya ufundi) hana kazi ya kampasi kabisa, na mke au mume aliyekuja kwa F-2 haruhusiwi kufanya kazi yoyote ile.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pasipoti ambayo haijakaribia kuisha.
- I-20 ya karibuni kabisa, imesainiwa na wewe na DSO. DSO ni yule ofisa wa chuo kwenye ofisi ya wanafunzi wa kimataifa anayeshughulika na rekodi yako kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa wanafunzi wa kigeni. Fungua ukurasa wa pili wa I-20 uuangalie vizuri, kule juu kuna sehemu ya ruhusa za kazi. Kama ni mgeni itakuwa tupu. Siku ukipata CPT, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na ya kuisha zitachapwa palepale. Izoee sehemu hiyo manake ndo itakayokutetea.
- I-94, yaani rekodi ya kuingia kwako nchini. Unaichapa bure kwenye tovuti ya CBP (idara ya mipaka na forodha), usimlipe mtu. Angalia imeandikwa F-1, kuna watu wanaingizwa kimakosa kama watalii pale uwanja wa ndege na wanakuja kugundua miezi baadae.
- Usajili wa masomo kamili. Kwa digrii ya kwanza kwa kawaida ni krediti 12 kila semista. Ukishuka chini ya hapo bila DSO kukubali kwanza, hadhi yako ya F-1 imeyumba na ruhusa ya kazi imeyumba nayo.
- Anwani iliyo sahihi kwenye mfumo. Ukihama una siku 10 kutoa taarifa.
- Folda moja, ya karatasi au ya kwenye simu, ya kila I-20 uliyowahi kupewa. Usitupe hata ile ya zamani, utaulizwa miaka mingi mbele.

Hatua ya 1: jua nini kinahesabika kazi

Watu wengi wanadhani kazi ni ile yenye mkataba na hundi ya mshahara. Sivyo. Ukitoa huduma ukapata hela au kitu cha thamani badala yake (chakula, sehemu ya kulala bure), hiyo ni kazi. Kusuka nywele chumbani na kulipwa ni kazi. Kulea mtoto wa mtu, kupeleka chakula kwa DoorDash, kupiga picha za harusi, kupika na kuuza kwa wenzako wa kanisani au msikitini, kubeba maboksi ghala la rafiki wa mjomba, zote hizo ni kazi. Kulipwa keshi hakuifichi, tena kunakuacha huna pa kushtaki siku ukidhulumiwa.

Kazi ya kompyuta unayofanyia kampuni ya nyumbani huku umekaa Marekani inawachanganya wengi, wanasema hela inaingia benki ya kule. Lakini mwili wako uko Marekani na kazi unaifanyia hapo. Usianze wala usiendelee nayo kabla hujaongea na DSO, na ikibidi wakili wa uhamiaji.

Ambavyo havina shida: riba ya benki, hisa ulizonunua, kodi ya nyumba yako ya nyumbani. Kujitolea pia sawa, ila iwe kujitolea kwelikweli, kwenye shirika la hisani, nafasi ambayo kwa kawaida hailipwi mtu. Ukienda dukani kwa mtu "kujitolea" kwenye kaunta wakati mwenzako pembeni analipwa kwa kazi hiyohiyo, hapo hujajitolea.

Hatua ya 2: anza na kazi za kampasi

Hii ndo njia rahisi na salama kuliko zote, haina ada wala kadi. Unaweza kuanza mpaka siku 30 kabla masomo hayajaanza kama ni mwanafunzi mpya. Maktaba, jikoni na bwalo la chakula, dawati la msaada wa kompyuta, jimu, kufundisha wenzako hesabu, kusaidia profesa kwenye utafiti. Duka la vitabu au mgahawa uliomo ndani ya chuo unaohudumia wanafunzi nao unahesabika hata kama mwenye biashara ni kampuni ya nje.

Kosa la kwanza la wageni: kuomba matangazo yaliyoandikwa Federal Work-Study. Hiyo ni hela ya msaada wa serikali ya Marekani na wa F-1 haimhusu. Mtu anaomba nafasi 15 zote za aina hiyo, hajibiwi hata moja, anakata tamaa. Kwenye tovuti ya ajira ya chuo chuja, tafuta zile za wanafunzi wote.

Na usitegemee mtandao peke yake. Mimi maktaba nilipata kwa kuingia na kuuliza. Nilienda wiki moja kabla ya madarasa, nikamkuta supavaiza anapanga vitabu peke yake, nikamwambia naweza kuja asubuhi saa moja siku zote tano. Shida yake ilikuwa hiyohiyo ya asubuhi, wanafunzi wengi hawataki kuamka. Ijumaa nikaitwa.

Hatua ya 3: omba SSN

Hii namba ya Social Security hupewi mpaka uwe na kazi, kwa hiyo kazi kwanza namba baadae. Utaratibu ni huu: mwajiri anakuandikia barua ya kuthibitisha kazi, DSO nae anaandika yake, unabeba hizo mbili pamoja na pasipoti, I-94 na I-20 unaenda ofisi ya Social Security iliyo karibu. Ni bure.

Subiri kama siku 10 tangu uingie nchini, na hakikisha chuo kimeshakusajili kwenye SEVIS kwa semista hiyo, vinginevyo pale dirishani watakwambia hawakuoni kwenye mfumo na utarudi mikono mitupu.

Kadi ikija soma maandishi yake. Imechapwa kwamba ni halali kwa kazi pale tu ukiwa na ruhusa ya DHS (wizara ya usalama wa ndani). Kwa hiyo ile SSN ni namba ya kufuatilia mapato yako na makato, haikupi ruhusa ya kwenda kufanya kazi nje. Hapa ndo wengi wanapotea, anapata kadi Oktoba, Novemba yuko ghalani.

Hatua ya 4: jaza I-9 na W-4 kwa makini

I-9 ni fomu ya kuthibitisha unaruhusiwa kufanya kazi. Sehemu yako unaijaza isipite siku ya kwanza ya kazi, na mwajiri anatakiwa kuona nyaraka zako ndani ya siku tatu za kazi tangu uanze.

Kuna visanduku vinne. Wewe ni cha nne, cha mgeni mwenye ruhusa ya kufanya kazi mpaka tarehe fulani, na kwa kazi ya kampasi tarehe hiyo ni ile ya mwisho wa programu kwenye I-20. Nakuomba sana, usiweke alama kwenye cha kwanza cha raia, hata kwa haraka, hata kama HR amekwambia "weka tu popote". Kudai uraia wa Marekani kwa uongo ni kosa ambalo linaweza kukufungia milango ya visa na green card maisha yako yote. Soma kila mstari kabla hujasaini.

W-4 ni ya kodi ya mapato. Mgeni asiye mkazi kikodi anaijaza tofauti na Mmarekani, kuna maelekezo yake ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) yanaitwa Notice 1392, mwambie mtu wa mishahara unataka kuifuata hiyo. Na mwajiri wa nje akikuletea W-9 badala ya W-4, simama hapohapo, W-9 ni ya watu wa Marekani kikodi.

Hatua ya 5: hesabu masaa yako mwenyewe

Masomo yakiwa yanaendelea ni masaa 20 kwa wiki, mwisho. Ukiwa na kazi mbili za kampasi, ni 20 kwa zote mbili kwa pamoja. Ukiwa na nafasi ya kusaidia kufundisha au utafiti ya masaa 20 (wengi wa masters na PhD wanayo), umeshajaza, hakuna nafasi ya masaa manne ya bwalo la chakula. Na hakuna kulipiza: wiki hii 12 haimaanishi wiki ijayo 28.

Likizo rasmi za chuo, kama ya kiangazi, unaweza kufanya zaidi ya 20 alimradi unarudi kusoma semista inayofuata.

Andika masaa yako kwenye daftari au simu kila siku unapotoka. Supavaiza ana wanafunzi kumi, hakumbuki kwamba wewe ni F-1, atakuomba umshikie mtu shifti na wewe kwa heshima utasema sawa, Jumapili unajumlisha unakuta 23. Jifunze kusema mapema: samahani, wiki hii nimebakiza masaa matatu tu.

Na tarehe ya mwisho wa programu ikipita, kazi ya kampasi nayo imeisha. Ile sherehe ya mahafali haina uzito hapa, angalia tarehe ya kwenye I-20.

Hatua ya 6: CPT, kazi ya nje inayohusiana na masomo

CPT ni kama ile fildi tunayoijua. Unafanya kazi kwenye kampuni, inayohusiana moja kwa moja na unachosoma, na iwe ni sehemu ya mtaala wako, mara nyingi unasajili somo lenye krediti kwa ajili yake. Kwa kawaida lazima uwe umemaliza mwaka mmoja wa masomo kwanza.

Mpangilio: unapata barua ya kazi kutoka kampuni, inayotaja majukumu, masaa, tarehe na anwani. Unapeleka kwa mshauri wako wa masomo akubali. Unasajili somo. Unapeleka kwa DSO. DSO anakutolea I-20 mpya yenye CPT ukurasa wa pili. Unasaini. Hapo ndo unaanza, tarehe iliyoandikwa na siyo siku moja kabla. Hakuna ada ya USCIS wala kadi.

Ruhusa hiyo ni ya mwajiri huyo tu na kwa tarehe hizo tu. Ukitaka kuongeza wiki mbili, I-20 mpya kwanza. Ukitaka kuhamia kampuni nyingine, I-20 mpya kwanza.

Angalia na hesabu hii: CPT ya muda wote, yaani zaidi ya masaa 20 kwa wiki, ikifika miezi 12 au zaidi, OPT ya ngazi hiyo ya masomo umeipoteza. Ya masaa 20 au chini haiigusi OPT. Kwa hiyo ukifanya kiangazi miezi mitatu na kiangazi kingine miezi mitatu bado uko salama.

Kuna vyuo vinajitangaza kwa CPT ya kuanzia siku ya kwanza. Sheria ina mlango kwa programu za juu ambazo kweli zinadai mafunzo ya haraka, lakini kama chuo kinauza CPT kuliko kinavyouza elimu, fikiria utakavyojieleza mbele ya ofisa siku ukiomba visa nyingine. Mimi nisingeenda, na mdogo wangu nilimkataza.

Hatua ya 7: mambo yakiharibika nyumbani

Baba aliyekuwa anakulipia amefariki, hela ya nyumbani imeporomoka thamani, ufadhili umekatwa, bili ya hospitali imekuja. Kwa hali kama hizi kuna ruhusa ya kazi ya nje kwa sababu ya ugumu wa kiuchumi. Masharti: umemaliza mwaka mmoja kamili wa masomo, uko vizuri darasani, tatizo ni la ghafla na lililo nje ya uwezo wako, na kazi za kampasi hazipo au hazitoshi. DSO anapendekeza, unajaza fomu I-765 na kupeleka USCIS na ushahidi. Ukikubaliwa unapata kadi, unafanya kazi popote, masaa 20 wakati wa masomo, kwa muda usiozidi mwaka mmoja mmoja.

Ushahidi uwe wa karatasi: cheti cha kifo, barua ya kufukuzwa kazi ya mzazi, taarifa ya benki, bili. Kama karatasi ni za Kiswahili ziambatanishe na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mtafsiri. Na uende mapema, usisubiri mpaka ada imeshachelewa na chuo kimeshakufunga usajili. Watu wetu tuna aibu ya kusema hatuna hela, wengi wanaona bora wakafanye kazi ya kujificha kuliko kukaa mbele ya mzungu wa ofisini na kueleza. Kaa ueleze. Ile ofisi ipo kwa ajili hiyo.

Hatua ya 8: OPT ukimaliza masomo

OPT ni miezi 12 ya kufanya kazi kwenye fani yako kwa kila ngazi mpya ya masomo. Wengi wanaitumia baada ya kuhitimu. Huhitaji kuwa na kazi ndo uombe, omba kwanza.

Tarehe ndo kila kitu hapa, kwa hiyo chukua kalenda. Mapema kabisa unaweza kuomba siku 90 kabla ya mwisho wa programu. Mwisho kabisa ni siku 60 baada. Na kuanzia siku DSO anapoweka pendekezo lake kwenye SEVIS, una siku 30 USCIS wawe wamepokea maombi yako. Tarehe ya kuanza unayochagua lazima iangukie ndani ya zile siku 60 baada ya programu.

1. Omba DSO pendekezo la OPT, chagua tarehe ya kuanza.
2. Pokea I-20 mpya, isaini. Usitume maombi kabla ya hii, yatakataliwa.
3. Jaza I-765 mtandaoni. Kundi lako ni (c)(3)(B), ya baada ya kuhitimu. Herufi A ni ya kabla ya kuhitimu na C ni ya nyongeza ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), watu wanakosea herufi moja tu na kupoteza miezi.
4. Weka picha yako mpya ya saizi ya pasipoti, pasipoti, I-94, I-20 mpya, na I-20 zozote za CPT.
5. Lipa ada. Kuanzia Aprili 2024 ilikuwa dola 470 mtandaoni na dola 520 kwa karatasi, kwa hiyo angalia ukurasa wa ada wa USCIS siku unayolipa.
6. Tunza risiti, fomu I-797, fuatilia kwa namba yake.

Omba mapema ndani ya zile siku 90. Anaechelewa anajikuta amehitimu, kampuni inamsubiri, kadi haijaja, na kisheria hawezi kugusa kompyuta yao hata kwa mafunzo ya siku moja.

Ukishaipata kadi, kazi iwe inahusiana na ulichosomea na iwe angalau masaa 20 kwa wiki. Siku za kukaa bila kazi zisizidi 90 kwa jumla, na zinaanza kuhesabika tarehe ya kuanza iliyo kwenye kadi, siyo siku uliyoipokea. Kila mwajiri mpya na kila anwani mpya unaweka kwenye SEVP Portal (tovuti ya serikali ya walio kwenye OPT) ndani ya siku 10. Kuna mtu yuko kazini kabisa, hajaingiza jina la mwajiri kwenye mfumo, mfumo unamhesabu hana kazi, siku 90 zinafika. Usiache hiyo.

Hatua ya 9: nyongeza ya STEM

Kama digrii yako iko kwenye orodha ya STEM ya DHS (angalia namba ya programu, yaani code, kwenye I-20, siyo jina la somo), unaweza kuongeza miezi 24. Mwajiri lazima awe kwenye E-Verify (mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kazi), mnajaza pamoja mpango wa mafunzo, fomu I-983, na unaomba ndani ya siku 90 za mwisho kabla OPT ya kwanza haijaisha. Ukiomba kwa wakati unaruhusiwa kuendelea na kazi mpaka siku 180 wakati unasubiri. Siku za bila kazi zinakuwa 150 kwa jumla ya vipindi vyote viwili.

Hatua ya 10: kodi, kila mwaka

Hata kama hukupata hata senti, unajaza fomu 8843. Kama ulilipwa mshahara, unajaza 1040-NR (fomu ya kodi ya wasio wakazi) pamoja nayo, mwisho kwa kawaida Aprili 15. Programu nyingi za kodi za Wamarekani zinakujazia 1040 ya wakazi, hiyo siyo yako. Vyuo vingi vinatoa programu ya wageni bure, uliza ofisi ya kimataifa mwezi wa pili. Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo usimsikilize mwenzako Mhindi au Mchina anaekwambia kuna msamaha, wao nchi zao zina mikataba.

Yakikwama

*Slipu ya mshahara ina makato ya Social Security na Medicare.* Mwanafunzi wa F-1 kwa miaka mitano ya kwanza ya kalenda hakatwi hayo. Ni asilimia 6.2 na asilimia 1.45, jumla 7.65. Mwaka uliofika unahesabika mzima hata kama ulitua Desemba. Mimi nilikatwa hundi tatu kabla sijajua kusoma slipu, mistari ile miwili niliipita tu nikidhani ni kodi ya kawaida. Nilienda ofisi ya mishahara na I-20 na I-94, wakarudisha kwenye hundi iliyofuata. Mwajiri akikataa, unadai IRS kwa fomu 843 na 8316.

*SSN imechelewa na HR anasema usianze.* Kazi inaweza kuanza wakati namba inasubiriwa, alimradi ruhusa ipo na umeonyesha uthibitisho kwamba umeomba. Mpe DSO aongee nao.

*HR wanataka green card kwa ajili ya I-9.* Mwajiri haruhusiwi kuchagua waraka gani ulete. Pasipoti, I-94 na I-20 zinatosha kwa kazi ya kampasi na CPT. Kwa OPT ni kadi.

*Nimezidisha masaa 20.* Acha kuzidisha leo, chukua rekodi zako, nenda kwa DSO leo. Usifute ujumbe wala usimwombe supavaiza abadilishe tarehe, huko ndo unaongeza kosa jingine.

*Nimeshafanya kazi ya nje bila ruhusa.* Acha kazi kwanza. Halafu tafuta wakili wa uhamiaji kabla hujaandika chochote popote, vyuo vingi vina kliniki ya sheria ya bure. Jua kwamba aliyefanya kazi bila ruhusa kwa kawaida hawezi kurudishiwa hadhi ya F-1 kwa njia ya maombi ya kurejeshwa, ndo maana unahitaji mtu anaejua.

*USCIS wameomba nyaraka zaidi.* Siyo kukataliwa. Soma wameomba nini, jibu chote kwa mara moja, kabla ya tarehe iliyoandikwa, na mwonyeshe DSO kabla hujatuma.

*Kadi ya OPT imetumwa lakini haijafika.* Angalia namba ya ufuatiliaji ya posta kwenye akaunti yako ya USCIS. Kama unakaa apatimenti na wenzako, jina lako lazima liwe limebandikwa kwenye sanduku la barua, postamani asipoliona anarudisha. Sisi tulikuwa wanne na sanduku lilikuwa na jina la mtu aliyehama zamani, kadi ya mwenzangu ikarudi ilikotoka na akasubiri mwezi na nusu kuipata tena. Kata kipande cha karatasi, andika majina yote, bandika na selotepu ndani ya kile kidirisha cha sanduku leo jioni.